Rangi Si Matengenezo

  Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya kitu kisichotajwa sana mimbarini, ingawa kila Jumapili kimeegeshwa mlangoni pa kanisa. Kitu hicho ni pikipiki. Tena si pikipiki iendayo vizuri, bali pikipiki mpya iliyoanguka, na kazi ya kuitengeneza kwa mikono yetu wenyewe.

Labda msikilizaji mmoja atauliza, "Je, hayo si mambo ya gereji?" Ndiyo, ni mambo ya gereji. Lakini hebu tufikiri kidogo. Zamani watu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walibebwa kwa baiskeli, na kutokana na mpaka huo likatoka jina la bodaboda. Kisha mwaka 2008 serikali yetu ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo zisizofika 250cc, nazo zikaenea hata katika vijiji ambavyo basi halijapata kufika. Leo mama mjamzito huenda zahanati kwa pikipiki. Maziwa huenda sokoni kwa pikipiki. Mtoto aliyechelewa hupelekwa shule kwa pikipiki. Kwa hiyo pikipiki moja ikianguka, haianguki peke yake. Wako watu wengi walioegemea juu yake.

Tena pikipiki mpya huanguka kwa urahisi kuliko vile watu wanavyodhani. Wengi husema, "Ni mpya, itaharibikaje?" Lakini mafundi wanajua. Tairi jipya lina utelezi juu yake tangu lilipotoka kiwandani, na watengenezaji hutuonya tuende polepole kwa kilomita 150 hivi za kwanza, mpaka ngozi ile ya juu ilike. Breki mpya hazijazoeana na vyuma vyake, hivyo hazishiki sawasawa. Na mwendeshaji naye hajaujua uzito wake, wala hajui inapinda namna gani. Upya si usalama. Upya ni mwanzo tu wa kufahamiana.

Basi sikilizeni habari hii. Katika parishi yetu huku milimani tunaye mwinjilisti ambaye huhudumia makanisa madogo saba. Kwa miaka mingi alikwenda kwa miguu, na masika alivuka mito suruali ikiwa begani. Watu walimhurumia. Wakatoa mavuno yao, mahindi na kuku na ndizi, vikauzwa kwa mnada baada ya ibada, na mwisho wa mwaka tukamnunulia pikipiki. Siku ya kuibariki, akina mama walivisha usukani maua, na watoto wakapanga foleni wapige honi.

Wiki ya tatu ilianguka. Mwinjilisti alikuwa akiteremka mlima penye changarawe, mbuzi akatoka kichakani mbio, naye akakamata breki. Gurudumu la mbele likateleza, pikipiki ikalala ubavu na kuserereka mpaka mtaroni. Mbuzi alikwenda zake.

Waliofika kwanza walikuwa wachuma chai wawili, nao walifanya vizuri kabisa. Hawakuishughulikia pikipiki, walimwendea mtu. Mmoja alizima ufunguo na kufunga koki ya petroli, kwa maana petroli ilikuwa ikidondoka karibu na injini yenye moto. Mwingine akapiga magoti kando ya mwinjilisti, akamwuliza jina lake na siku ya leo. Hawakumvuta kwa mikono. Hawakumvua helmeti kwa haraka, maana shingo ikiwa imeumia, haraka hiyo yaweza kumlemaza mtu daima. Waliona anapumua vema, wakamwacha alale mpaka akasema mwenyewe kwamba shingo haimwumi na miguu inasogea. Damu ya gotini waliizuia kwa kuikandamiza kwa leso safi. Kisha wakatafuta gari.

Wapendwa, kumbukeni utaratibu huo. Mtu kwanza, chuma baadaye. Mara ngapi tumeona kijana akitoka damu huku analia juu ya taa iliyovunjika, kwa sababu pikipiki ni ya mkopo na malipo ya jioni yanamngoja! Tusimcheke kijana huyo. Anajua wazi kwamba chuma kikilala siku tatu, nyumbani hakupikwi. Lakini sisi tuliosimama pembeni tumsaidie kuuweka mwili wake mbele ya mkopo wake.

Mwinjilisti alipona. Ilikuwa kuchubuka na kuteguka kifundo cha mkono tu. Pikipiki ilibebwa kwa mkokoteni, ikawekwa stoo ya kanisa, ikafunikwa turubai. Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Wazee wa kanisa walikutana. Pesa za fundi hazikuwapo. Kisha mzee mmoja, mtu mwema aliyelitumikia kanisa miaka mingi, akatoa shauri. Alisema, "Ndugu zangu, pikipiki hii imechubuka tu. Tununue kopo la rangi nyekundu na vioo viwili, tuinyooshe kidogo, tuiuze ingali ikionekana mpya. Yuko kijana wa kijiji cha pili anayetafuta ya bodaboda. Pesa hizo tuongeze, tununue nyingine."

Mtu akamwuliza, "Na kama ina ubaya ndani, mzee?"

Akajibu, "Mnunuzi ana macho."

Chumba kikawa kimya. Ndipo mama mweka hazina wetu, ambaye husema mara chache, akafunga kitabu chake cha hesabu akasema, "Ni kweli, baba, ana macho. Lakini macho hayaoni ndani ya bomba. Na kijana huyo hatapanda peke yake. Nyuma yake ataketi binti yangu akienda kliniki."

Hakuna aliyemjibu. Shauri la rangi likaishia pale, na likakatwa shauri jingine, kwamba kabla ya kuuza, kabla ya kulipa fundi, kabla hata ya kulaumu, tuifunue pikipiki ile na kuitazama yote wenyewe.

Wasikilizaji, mnakumbuka habari za Nehemia. Alipofika Yerusalemu kujenga ukuta uliobomoka, hakuanza kwa kupiga tarumbeta. Alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazunguka kando ya ukuta akiutazama ulivyovunjika na malango yalivyoteketea. Mahali pamoja mnyama aliyempanda hakuwa na nafasi ya kupita. Hata hapo Nehemia hakurudi, aliendelea kukagua. Baada ya kuona yote ndipo alipowaambia watu waondoke wajenge. Na katika sura ya tatu tunasoma orodha ndefu ya waliojenga. Kuhani mkuu na makuhani ndio wa kwanza kutajwa. Wako wafua dhahabu na watengeneza manukato. Yuko baba mmoja na binti zake. Na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Basi hata sisi wachungaji hatukuona haya kukunja mikono ya kanzu.

Tulikuwa watatu: mchungaji, mwinjilisti, na kijana mmoja wa kwaya aliyejifunza umakanika katika chuo cha ufundi. Wazee wetu watakumbuka kwamba vyuo kama hivi vilitokana na polytechnic za vijijini, ambazo Baraza la Kikristo la Kenya lilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1960, kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Kijana huyo ndiye aliyekuwa mwalimu, na sisi tukawa wanafunzi.

Jambo la kwanza alilotufundisha lilikuwa kuosha. Tulitaka kushika spana mara moja, lakini yeye akaleta ndoo, sabuni na brashi. Alisema, "Matope huficha ufa." Tukaiosha mpaka kila kiungo cha chuma kikaonekana. Kisha akatuambia tutazame rangi ya fremu, hasa pale juu ambapo usukani unaungana nayo. Rangi ikiwa imekunjamana au imebanduka kama maganda mahali pasipogusa chini, maana yake chuma kilicho chini yake kimepinda au kimepasuka. Fikirini jambo hilo! Rangi ile ile ambayo mtu angetaka kuipaka upya ili kuficha, ndiyo inayosema ukweli kwa mwenye subira ya kuitazama. Fremu ile, tunashukuru, ilikuwa nzima.

Jambo la pili, kijana alichukua karatasi akapiga mstari katikati. Upande mmoja tuliandika yanayoonekana: kioo cha pembeni kimevunjika, indiketa ya kushoto imekatika, mkono wa klachi umepinda, pedali ya kuwekea mguu imeinama, madigadi imekwaruzika. Upande wa pili tuliandika yasiyoonekana ambayo ni lazima yapimwe: oili, breki, beringi za usukani, rimu na spoku, mabomba ya shoki za mbele, na mstari wa magurudumu mawili. Kisha akasema neno ambalo tungependa kila mwenye pikipiki alishike. Yaliyo upande wa kwanza yanatia aibu, lakini yaliyo upande wa pili ndiyo yanayoua.

Tulianza na oili. Pikipiki iliyolala ubavu, oili na petroli hupita mahali pasipo pake. Kwa hiyo tuliisimamisha kwa stendi, tukaiacha itulie, tukatazama kipimo cha oili kama imepungua, tukafungua kisafisha hewa kuona kama kimelowa. Kisha tukakagua ubavu wa injini kama una ufa. Mtu akiiamsha akaiwasha papo hapo kwa hasira, aweza kuharibu injini ambayo ajali yenyewe haikuidhuru.

Mkono wa klachi ulitupa somo lake. Mwinjilisti alitaka kuunyoosha kwa koleo, maana ulipinda kidogo tu. Kijana akamzuia. Mikono ile ni ya alumini iliyomiminwa katika kalibu. Ikipinda mara moja huvumilia, lakini ikirudishwa ikiwa baridi hupata ufa usioonekana, na siku moja itakatikia mkononi katikati ya mteremko. Mpya haina bei kubwa. Tulinunua mpya, tukaifunga, tukaacha nafasi ya kucheza ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, kama ipasavyo kwa pikipiki nyingi ndogo. Pedali ya mguu, kwa kuwa ni ya chuma cha kawaida, ilipashwa moto kwa fundi wa kuchomelea ikanyooshwa. Vyuma havifanani. Kiko kinachonyooshwa, na kiko kinachobadilishwa. Anayevitendea vyote sawa huharibu.

Kisha tukafika kwa usukani. Uliponyooka, gurudumu lilitazama kushoto. Wengi hupata hofu hapo wakidhani fremu imekwisha, na mara nyingi sivyo. Shoki huwa zimejipinda tu katika vishikio vyake. Tulilegeza bolti za vishikio vya chini na nati ya ekseli, mmoja akabana gurudumu kati ya magoti, mwingine akauzungusha usukani polepole mpaka ukakubaliana na gurudumu. Tukasukuma shoki juu na chini mara kadhaa zikae mahali pake, kisha tukakaza tena. Kwa macho ilionekana sawa kabisa. Mwinjilisti akasema, "Bwana asifiwe, imepona!"

Kijana akasema, "Bado, mwalimu. Leteni uzi."

Uzi wa fundi mwashi ndio tuliotumia. Kwanza tulihakikisha gurudumu la nyuma limekaa sawa kwa alama za cheni pande zote mbili. Kisha tukauzungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, chini ya vyuma vyote, tukaleta ncha zake mbili mbele, moja kila upande, zikigusa tu kingo za tairi la nyuma. Tairi la mbele ni jembamba kuliko la nyuma, kwa hiyo huwa na nafasi kati yake na uzi kila upande. Nafasi hizo zikilingana, magurudumu yanafuatana. Zetu hazikulingana. Kulia kidole kimoja kilipita kwa shida, na kushoto viwili vilipita kwa raha.

Tulifungua gurudumu la mbele, tukachomoa mabomba ya shoki moja baada ya jingine, tukayalaza juu ya kioo cha dirisha kilichokuwa stoo. La kulia liliviringika kama chupa. La kushoto lilipoviringishwa, mwanga ulionekana chini yake, ukapotea, ukaonekana tena. Lilikuwa limepinda, kidogo tu, karibu na mahali linaposhikwa. Mkono haukuweza kuhisi, na jicho tupu halikuweza kuona. Lakini bomba kama hilo halipandi na kushuka sawasawa, nalo huuvuta usukani upande mmoja hasa mtu anapokamata breki. Yaani lingemwangusha mwendeshaji pale pale alipotaka kuokoka.

Tulilipitisha mkononi mwa kila mmoja bila kusema neno. Mama mweka hazina alikuwa ametuletea chai. Naye alilishika, akalitazama, akalirudisha juu ya kioo. Hakusema, "Niliwaambia." Alimimina chai.

Bomba hilo hatukulinyoosha. Bei ya jipya ilikuwa zaidi ya kioo na indiketa na mkono wa klachi kwa pamoja, na tulingoja majuma matatu mpaka sadaka ilipotosha. Katika majuma hayo mwinjilisti alirudia kwenda kwa miguu, na watu walinung'unika kidogo. Lakini kazi iliendelea. Bolti tuliziweka katika makopo, kila sehemu na kopo lake, zikiwa na karatasi ya jina. Rimu tuliizungusha huku tumeshika chaki karibu nayo. Mahali chaki ilipogusa tulikaza na kulegeza spoku robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, si zaidi, maana anayekaza kwa nguvu upande mmoja hupindisha upande wa pili. Shoki zilipofungwa tulitia oili mpya, kipimo kile kile pande zote mbili. Na kila bolti iingiayo katika alumini ya injini tuliianza kwa vidole kabla ya spana, kwa sababu meno ya alumini ni laini, nayo yakilika hayarudi.

Hapa tuseme neno juu ya helmeti. Helmeti ya mwinjilisti ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu, naye alitaka kuendelea nayo. Ndani yake mna kitu kama povu gumu ambacho kazi yake ni kupondeka badala ya kichwa. Kikishapondeka mara moja hakifai tena, hata kama ganda la nje linang'aa. Helmeti iliyopigwa kwa nguvu haitengenezwi, hubadilishwa. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alianguka na pikipiki karibu na nyumbani kwake alipowakwepa wavulana wawili wenye baiskeli. Hakuwa na helmeti, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuweza kumwokoa. Baadaye alichunguza vifo vya askari wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akatoa maandiko yake, na jeshi likaanza kuwalazimisha askari wao kuvaa helmeti. Mwaka 1973 sheria hiyo ikawafikia waendeshaji wote wa Uingereza. Sheria ya Kenya nayo humtaka mwendeshaji avae na abiria wake avae. Mtu mmoja alikufa, daktari akakataa kuufunika msiba ule, akaukagua, na maelfu wakaishi. Kijana unayetusikiliza, ile helmeti uliyoning'iniza kwenye kioo si ya kuonyesha polisi.

Bomba jipya lilipofika tulilifunga. Tukapima tena kwa uzi, na safari hii vidole vililingana. Tukainua gurudumu la mbele tukausukuma usukani mbele na nyuma kusikiliza kama beringi zinagonga. Tukapima breki ya nyuma, pedali ikiwa na nafasi ya milimita 20 hadi 30. Kisha kijana akaiendesha ndani ya uwanja wa kanisa kwa mwendo wa mtu atembeaye, akakamata breki, akaachilia, akakamata tena. Baada ya hapo akaitoa barabarani. Aliporudi alimpa mwinjilisti ufunguo.

Mwinjilisti hakuupokea mara moja. Mwili ulikuwa umepona tangu zamani, lakini hofu ilikuwa bado. Alisimama kitambo, kisha akainama akaigusa shoki ya kushoto, ile ambayo mikono yake mwenyewe iliifungua na kuifunga. Akasema, "Kama ingetengenezwa na mtu mwingine nisingepanda. Lakini ninajua kila kilichomo." Akavaa helmeti mpya akaenda polepole mpaka kanisa la kwanza, akarudi kabla ya jua kutua.

Na yule kijana wa kijiji cha pili alikuja kuulizia ununuzi. Tulimwambia haiuzwi, tukamwonyesha bomba lililopinda na kumwonyesha kioo. Aliliviringisha mwenyewe mara mbili. Kisha akasema, "Mngaliniuzia, ningalilipa. Nisingalijua." Akaondoka. Lakini juma lililofuata alikuja na wenzake watatu wa stendi wakiomba wafundishwe kutumia uzi. Sasa Jumamosi moja kila mwezi uwanja wa kanisa huwa na pikipiki kuliko siku ya harusi. Asiyejua hujifunza kuosha, kukagua na kupima. Na kitu kikizidi ujuzi wetu, kama fremu iliyopasuka, tunasema wazi, "Hili ni la fundi mkubwa," kwa maana kutengeneza mwenyewe si kujifanya unajua yote.

Wapenzi wasikilizaji, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Pia walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizo mbili ni lazima ziende pamoja. Ya kwanza bila ya pili hutufanya watu wa kupaka rangi. Tunasema "si mwisho, si mwisho," tukaendelea mbio na bomba lililopinda. Na ya pili bila ya kwanza hutukatisha tamaa, tukaiacha pikipiki stoo chini ya turubai mpaka ikashika kutu.

Huenda nyumbani mwako liko jambo jipya lililoanguka mapema. Ndoa ya mwaka mmoja. Kazi mpya. Biashara uliyoifungua kwa mkopo. Mtoto uliyemtegemea amerudi kutoka shuleni kabla ya wakati. Watu wamekushauri upake rangi kabla majirani hawajajua. Tunakusihi, usipake. Osha kwanza. Kaa chini na aliye wako, pigeni mstari katikati ya karatasi, andikeni yanayotia aibu upande mmoja na yanayoua upande mwingine, na mwanze na yanayoua. Jueni kipi chaweza kunyooshwa na kipi ni lazima kibadilishwe. Fanyeni kwa mikono yenu yale mnayoyaweza, na msione haya kumwita fundi. Tena mwangalieni mtu kabla ya chuma. Na kama iko hatari, mwambieni yule atakayeketi nyuma yenu. Anayo haki ya kujua.

Tuombe. Ee Mungu uliyetuumba, uzijuaye sehemu zetu zilizo wazi na zilizofichika, tunawaombea wote waliomo barabarani leo, waendeshaji na abiria wao. Waponye walioumia. Wape riziki wale ambao chombo chao kimelala. Utupe subira ya kukagua, ukweli wa kusema tulichokiona, na mikono isiyochoka kutengeneza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.